Kilele kilichoitwa arseniki: kisa cha kisima kimoja cha kanda ya kati

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wanaopima viwanja vyenye metali na nusu-metali kwa kutenganisha kwanza kwenye kolamu (mrija uliojazwa chembe zinazoshika viwanja kwa nguvu tofauti), kisha kusoma kwa ICP-MS (mtambo wa plazma unaohesabu ioni kwa uzito wake). Majina ya kijiji, wilaya, maabara na wahusika yameondolewa, na tarehe zimebaki kuwa siku za wiki tu. Namba za vipimo zimeachwa kama zilivyosomwa.

Usuli

Ofisi ya maji ya wilaya moja ya kanda ya kati ilileta maji ya visima virefu sita katika maabara iliyoko Dodoma. Visima vimechimbwa kwenye ukanda wenye miamba ya dhahabu, na penye dhahabu mara nyingi pana arsenopairaiti, madini ya chuma, salfa na arseniki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 za arseniki kwa lita, baada ya kuteremshwa kutoka 50 mwaka 1993.

Ofisi haikutaka jumla ya arseniki peke yake. Ilitaka kujua ni kiasi gani kiko katika hali ya arsenaiti, yaani As(III), na kiasi gani ni arseneti, As(V), kwa sababu ilikuwa inatafakari kununua chujio. Vichujio vya oksidi ya chuma au alumina hunasa arseneti kwa urahisi kwa kuwa ina chaji hasi. Arsenaiti katika maji ya kawaida haina chaji, hivyo sehemu kubwa hupenya isipooksidishwa kwanza. Anayenunua chujio bila kujua mgawanyo huo ananunua gizani.

Jambo la pili la usuli ni chumvi. Maji mengi ya ardhini ya Dodoma na jirani zake yana kloridi nyingi, na anayekunywa chai huko anaijua ladha yake. Visima hivi sita vilikuwa na miligramu 150 hadi 400 za kloridi kwa lita. Namba hiyo ilikuwa kwenye jalada la ofisi ya maji tangu visima vichimbwe. Haikuletwa maabara, na maabara haikuiuliza.

Mtambo ulivyopangwa

Kolamu ilikuwa ya kubadilishana ioni hasi, ya polima, urefu milimita 250 na kipenyo cha ndani milimita 4.1, chembe za mikromita 10. Kioevu cha kusukumia kilikuwa fosfeti ya amoniamu ya milimola 20 kwa lita, pH 6.0, mwendo wa mililita 1 kwa dakika, sindano ya mikrolita 50. Kwa pH hiyo mpangilio wa kutoka unaeleweka kwa chaji. Arsenaiti haina chaji, ilitoka mwanzo kabisa, dakika ya 2.6. DMA, kiwanja cha arseniki ya kikaboni chenye chaji nusunusu, ilitoka 3.5, MMA, nayo ya kikaboni, 4.6, na arseneti, inayoshikwa zaidi, 9.4. Kila sindano ilichukua dakika 12.

Mrija mwembamba mfupi ulitoka kwenye kolamu moja kwa moja hadi kwenye kinyunyizio cha ICP-MS. Ufupi wake si urembo: kila sentimita ya ziada na kila kiungo kisichokaza sawasawa hutanua vilele, yaani miinuko inayochorwa kwenye kromatogramu kila kiwanja kinapotoka.

Kwa anayeanza, jambo la kushika ni kwamba plazma ya argoni, yenye maelfu ya nyuzi za joto, huvunja kila kiwanja kuwa atomi na ioni. Kigunduzi hakioni arsenaiti wala arseneti. Kinaona ioni zenye uwiano fulani wa uzito kwa chaji, ambao hapa utaitwa uzito tu. Arseniki ina isotopu moja ya asili, uzito 75. Jina la kiwanja linatolewa na kolamu, kwa muda wa kutoka. Kigunduzi kinatoa namba. Tatizo ni kwamba argoni yenyewe, uzito 40, ikikutana na klorini ya uzito 35 hutengeneza ArCl⁺, na hiyo nayo ni 75.

Dawa yake inajulikana: gesi ya heliamu ndani ya seli ya migongano. ArCl⁺ ni pana kuliko atomi moja ya arseniki, hivyo hugongana na heliamu mara nyingi zaidi, hupoteza nguvu, na kizuizi cha volti kilichoko mlangoni huizuia. Arseniki hupita, ingawa nayo hupungua. Katika maabara hii heliamu ilipunguza mwitikio wa arseniki mara tano hivi, na kiwango cha chini kinachosomeka kikapanda kutoka mikrogramu 0.03 hadi 0.15 kwa lita.

Uamuzi wa kwanza: kuzima heliamu

Kwa jumla ya arseniki maabara ilitumia heliamu. Kwa kipimo cha viwanja iliizima. Sababu zilionekana nzuri wakati huo. Kwanza, kolamu hupunguza ukali wa sampuli na kusambaza arseniki katika vilele vinne, kwa hiyo mwitikio mkubwa ulihitajika. Pili, standadi zote (miyeyusho yenye arseniki ya kiasi kinachojulikana) zilipita zikiwa safi, mistari iliyonyooka, blanki (maji yasiyo na arseniki) tulivu. Tatu, kuna imani iliyoenea kwamba kolamu itaitenga kloridi na arseniki, hivyo haina madhara.

Imani hiyo ni kweli nusu. Kolamu inaitenga kloridi, naam, kisha inaitoa peke yake, kwa wakati wake, kama kilele kizuri kilichosimama wima kwenye uzito 75. Na standadi zilikuwa safi kwa sababu zilitengenezwa kwa maji yaliyoondolewa ioni, ambayo hayana kloridi. Zilipita mtihani ambao hazikuwekewa swali lake.

Njia ilirekodi uzito 75 na rodiamu (metali, Rh) ya uzito 103 kama standadi ya ndani. Basi.

Matukio kwa mfuatano

Ijumaa wachukua sampuli walizunguka visima sita. Kila kisima kilipaswa kujaza chupa mbili za mililita 100, maji yakiwa yamechujwa papo hapo kwa kichujio cha mikromita 0.45: moja ya asidi nitriki kwa ajili ya jumla, na moja nyeusi yenye mililita 1 ya EDTA ya mola 0.125 kwa ajili ya viwanja. EDTA hushika chuma kisitengeneze kutu, maana kutu ikishuka chini ya chupa hushuka na arseneti.

Kwenye kisima cha nne EDTA iliisha, chupa nyeusi nazo zikawa zimeisha. Ndani ya kuliboksi mlikuwa na chupa ya asidi hidrokloriki iliyobaki kutoka kazi ya zamani ya kupima arseniki kwa njia ya haidraidi, ambako asidi hiyo ni sehemu ya kipimo. Mchukua sampuli akaweka mililita 1 ya asidi kali kwenye chupa nyeupe ya plastiki. Kwenye fomu, mahali pa kihifadhi, aliandika neno moja: *asidi*. Hakuwa amedanganya. Fomu haikuwa na nafasi ya kusema asidi gani.

Sampuli zilikaa kwenye gari mwisho wa juma, barafu ikayeyuka Jumamosi. Zilifika maabara Jumatatu, zikapitishwa kwenye kolamu Jumatano. Visima vitano vilionyesha arsenaiti na arseneti, na kivimbe kidogo dakika ya 5.9 ambacho programu ilikikadiria kuwa mikrogramu 0.3 hadi 0.8 kwa lita. Kisima cha nne kilionyesha arsenaiti 0.4, arseneti 5.6, na kilele kikubwa dakika ya 5.6 chenye thamani ya 9.2. Jumla ya vilele: 15.2.

Kilele hicho kilikuwa na umbo lake. Mbele kilipanda ghafla kama ukuta, nyuma kiliteremka kwa mteremko mrefu, mfano wa pezi la papa. Na arseneti ya sampuli hiyo ilitoka dakika ya 9.0 badala ya 9.4. Dirisha la utambuzi lilikuwa asilimia 5, kwa hiyo programu ilikubali bila kulalamika.

Alhamisi mchana matokeo ya awali yalitolewa kwa simu: kisima namba nne kimezidi kiwango, na kina kiwanja cha arseniki kisichofahamika. Jioni ile kisima kilifungwa. Jumla ya arseniki kutoka chupa ya nitriki ilisomwa usiku uleule, kwa heliamu: 6.1. Namba hiyo ilikaa kwenye kompyuta nyingine hadi Jumatatu, ndipo mtu wa tatu, aliyekuwa akikusanya ripoti, alipoziweka namba mbili kwenye ukurasa mmoja. Vipande vilikuwa asilimia 249 ya kitu kizima.

Uchunguzi

Hoja ya kwanza mezani ilikuwa thioarseneti, viwanja vya arseniki na salfa vinavyojitokeza kwenye maji yenye salfaidi. Si hoja ya kipuuzi kwa eneo la arsenopairaiti. Lakini maji yale hayakuwa na harufu ya mayai viza, na thioarseneti haiwezi kuongeza jumla: arseniki iliyofungwa na salfa bado ni arseniki, ingehesabiwa ndani ya ile 6.1. Palikuwa na pendekezo la kuagiza standadi kutoka nje. Iliamuliwa kwanza vifanyike vipimo vitatu ambavyo vifaa vyake vilikuwa rafuni tayari.

Cha kwanza: chumvi safi ya maabara, NaCl, kwenye maji yaliyoondolewa ioni, bila arseniki yoyote. (Chumvi ya mezani isitumike, ina iodini na uchafu mwingine wa kuongeza maswali.) Kwa miligramu 500 za kloridi kwa lita kilele kilitoka dakika ya 5.9, thamani ya 1.0. Kwa miligramu 4,500 kilitoka 5.6, kikiwa na pezi lilelile, thamani ya 9.0. Kuhama huko ni dalili ya kolamu iliyojazwa kupita uwezo: ioni zikizidi nafasi za kushikiliwa, zilizobaki husukumwa mbele, na kilele huanza mapema. Kloridi nyingi namna hiyo pia husaidia kuisukuma arseneti, ndiyo sababu ya 9.0 badala ya 9.4.

Cha pili: sampuli ya kisima cha nne, bila heliamu, lakini uzito 77 na 82 ukiongezwa. Klorini ina isotopu mbili, 35 kwa takribani asilimia 76 na 37 kwa asilimia 24. Kwa hiyo ArCl⁺ lazima ionekane kwenye 75 na kwenye 77, kwa uwiano wa kama 3.1 kwa 1. Arseniki haina chochote kwenye 77. Seleniamu inayo isotopu ya 77, ndiyo maana 82 inawekwa kama shahidi wake. Kilele kilitoa uwiano wa 3.1, na 82 ikabaki tambarare. Vilele vya arsenaiti na arseneti havikuwa na kitu kwenye 77.

Cha tatu: sampuli hiyohiyo na heliamu mililita 4.5 kwa dakika. Kilele cha 5.6 kilitoweka. Arsenaiti 0.4 na arseneti 5.6 zilibaki, jumla 6.0 dhidi ya 6.1.

Hapo swali likawa kloridi ya miligramu 4,500 imetoka wapi kwenye kisima chenye miligramu 380. Mchukua sampuli alipigiwa simu, akataja asidi bila kuficha. Hesabu ilikaa: mililita 1 ya asidi hidrokloriki kali ndani ya mililita 100 huleta kama gramu 4.2 za kloridi kwa lita. Ukijumlisha na zile 380, unafika.

Kosa la pili lililokuwa nyuma ya la kwanza

Wengi wangefunga jalada hapa, na kwa jumla ya arseniki wangekuwa sahihi. Lakini mteja aliuliza mgawanyo. Sampuli mpya ilichukuliwa Jumatano kwa EDTA na chupa nyeusi, ikafika siku hiyohiyo kwenye barafu, ikasomwa Ijumaa.

| Chupa | As(III) | As(V) | Jumla ya vilele | Jumla ya arseniki |
|---|---|---|---|---|
| Ya kwanza, HCl, chupa nyeupe | 0.4 | 5.6 | 6.0 | 6.1 |
| Ya pili, EDTA, chupa nyeusi | 2.0 | 4.0 | 6.0 | 6.2 |

Thamani ni mikrogramu kwa lita, zote kwa heliamu. DMA na MMA hazikuonekana.

Theluthi ya arseniki ya kisima ilikuwa arsenaiti. Chupa ya kwanza iliionyesha kama mabaki tu. Chuma chenye hali ya tatu ndani ya asidi hidrokloriki kikipigwa na mwanga huoksidisha arsenaiti kuwa arseneti, na chupa nyeupe ilikaa siku tatu ndani ya gari kwenye jua la Dodoma. Ili jambo hili lisibaki dhana, sehemu ya maji mapya iliwekwa HCl kwenye chupa nyeupe dirishani, nyingine EDTA gizani kwenye jokofu. Baada ya siku tano ya dirishani ilikuwa na arsenaiti 0.5, ya jokofu 1.9. Jumla haikubadilika popote.

Kwa maneno mengine, kama heliamu ingekuwa imewashwa tangu mwanzo, kilele cha uongo kisingeonekana, vipande vingelingana na jumla kwa asilimia 98, na ripoti ingetoka safi ikiwa na mgawanyo usio sahihi. Kosa la kelele ndilo lililofichua kosa la kimya.

Matokeo

Kisima kilifunguliwa Jumatatu, baada ya siku 11. Kwa siku hizo watu walirudi kwenye dumu na mwendo mrefu. Barua ya masahihisho ilieleza kwamba arseniki ni 6, chini ya 10, na kwamba hakuna kiwanja kisichofahamika. Ilipelekwa na mtu, haikutumwa kwa simu. Mwenyekiti wa kamati ya maji aliisoma yote, akauliza: "Sasa baba, mtambo wenu uliona sumu au haukuona?" Akajibiwa: "Uliona chumvi, mama, sisi tukaiita sumu. Shikamoo, na mtuwie radhi."

Chujio halikununuliwa.

Uchambuzi

Kilichookoa kisa hiki ni chupa ya nitriki. Ilikuwa ya kujitegemea: kihifadhi kingine, njia nyingine, gesi nyingine ndani ya seli. Jumla iliyosomwa kutoka chupa ileile ya HCl bila heliamu ingekubaliana na uongo. Chupa ya viwanja nayo haikumwagwa. Mililita 40 zilizobaki ndizo zilizorudiwa.

Kilichoshindwa zaidi ni mpangilio wa kazi, kuliko mtambo. Ulinganisho wa vipande na jumla ulikuwa umeandikwa kwenye utaratibu wa maabara, lakini kama hatua ya mwisho ya ripoti, si kama mlango wa kutolea taarifa. Sasa hakuna namba inayotoka, hata ya awali, kabla vilele havijagawanywa kwa jumla. Mipaka iliyowekwa ni asilimia 80 hadi 120. Dalili ya mvua ni mawingu, ila anayeishi Dodoma anajua mawingu mangapi hupita bila tone.

Kuhusu uzito 77, hakuna utetezi. Argoni inauma: plazma hula lita 17 hivi kwa dakika, mtungi wa mita za ujazo 10 haudumu zaidi ya muda wa saa kumi, na mitungi hutoka Dar es Salaam kwa lori. Sindano moja ya dakika 12 ni kama lita 200, kwa hiyo mtu kubania sindano za ziada anaeleweka. Lakini kurekodi 77 na 82 ndani ya sindano ileile hakugharimu hata lita moja. Kunapunguza kidogo tu muda ambao kigunduzi kinatumia kwenye 75, na kwa vilele vyenye upana wa sekunde 20 na zaidi hilo halionekani.

Heliamu sasa ni ya kudumu. Kiwango cha 0.15 kinatosha kabisa pale mpaka ni 10. Kwa maji yenye kalsiamu nyingi kuna sababu ya ziada, kwani kalsiamu ya 40 na klorini nazo hutengeneza ioni ya uzito 75. Wenye seli ya oksijeni wanaweza kuisoma arseniki kama AsO⁺ kwenye 91, wakiangalia zirkoniamu iliyo uzito huohuo; maabara hii haina.

Kila siku ya kazi inaanza na sindano ya kloridi ya miligramu 500, na mahali inapotokea panawekewa alama ya Cl kwenye kila kromatogramu ya siku hiyo. Dirisha la arseneti limebanwa hadi asilimia 2. Kilele kikivuka, sampuli huzimuliwa mara tano na kurudiwa. Fomu ya kisimani ina visanduku vitatu, EDTA, HNO₃ na kingine, na safu ya kloridi inayojazwa kutoka jalada la kisima. Asidi hidrokloriki imetolewa kwenye kuliboksi.

Lililobaki ni la nyuma. Vivimbe vya dakika ya 5.9 vilikuwemo kwenye kromatogramu za miezi iliyotangulia, na katika ripoti kadhaa vilikuwa vimeandikwa "arseniki ya kikaboni, chini ya 1". Hakuna hata moja iliyorekodi 77, na maji yake yalishamwagwa. Wateja waliandikiwa kwamba mstari huo ufutwe.